Madaktari wa saratani wafunzwe kumpima mzee, si uvimbe pekee

Mjomba wangu alikuwa na miaka 74 alipopatikana na saratani ya utumbo mpana. Siku ya kuanza kemotherapi, daktari alisoma faili, akaangalia majibu ya maabara, akaandika dozi. Ndani ya dakika 10 tulikuwa nje. Hakuna aliyemuuliza kama huwa anaanguka, anakula nini, anaishi na nani au anameza dawa gani nyingine. Angeulizwa, angesema ana dawa za presha na za kisukari, anaishi peke yake tangu afiwe na mkewe, na choo chake kiko nje.

Baada ya dozi ya pili miguu ikakosa nguvu. Usiku mmoja alianguka akienda chooni, akavunjika nyonga. Kliniki ya saratani hakurudi tena.

Simlaumu daktari yule. Foleni ilikuwa imefika uani, naye alifanya alichofundishwa: kuupima uvimbe. Kumpima mzee mwenyewe hakufundishwa.

Kosa hili lina upande wa pili. Jirani yangu, bibi wa miaka 78 ambaye bado analima shamba lake, alipatikana na uvimbe kwenye titi. Familia ikaambiwa ameshakula chumvi nyingi, arudishwe nyumbani apumzike. Mjomba alipewa dawa kana kwamba ni kijana, bibi akanyimwa kwa sababu ya umri. Katika visa vyote viwili, hakuna aliyetazama nguvu alizo nazo mtu mwenyewe.

Wenzetu wameshalifanyia kazi jambo hili. Mwaka wa 2018 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo kwamba wagonjwa wa miaka 65 kwenda juu wapimwe hali yao ya uzee kabla na wakati wa kemotherapi. Mwaka wa 2021 jarida la The Lancet likachapisha utafiti wa GAP70+, uliofanywa huko huko Marekani kwa wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani iliyokwisha kuenea. Madaktari wa kundi moja walipewa majibu ya vipimo hivyo pamoja na mapendekezo ya kufanya. Katika kundi hilo, waliopata madhara makali ya dawa walikuwa asilimia 51, kundi lingine asilimia 71. Walioanguka walikuwa asilimia 12 dhidi ya 21. Na muda wa kuishi haukuonyesha tofauti kubwa, ingawa wengi walianzishiwa dozi ndogo.

Nikisoma takwimu hizo za kuanguka, namkumbuka mjomba.

Najua jibu nitakalopewa: Pwani haina madaktari bingwa wa kutosha, tuanze na hao kwanza. Ni kweli hawatoshi. Lakini kazi hii haihitaji mashine. Mzee anaambiwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku muuguzi akitazama saa. Anaulizwa kuhusu chakula, uzito, kumbukumbu, dawa zote anazotumia na nani yuko naye usiku. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyafanya hayo mgonjwa akiwa bado kwenye foleni.

Kinachokosekana ni mafunzo. Vyuo vikuu vinavyofunza madaktari wa saratani viliweke somo hili kwenye mtihani, maana lisilotahiniwa halisomwi. Nazo kaunti zetu 6 za Pwani, ambazo afya iko mikononi mwao, ziwafunze wauguzi na maafisa wa kliniki walioko kazini sasa. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Familia nyingi zinatimiza sehemu yao.

Hadi hayo yafanyike, nakuomba wewe unayempeleka mzazi kliniki: beba mfuko wenye dawa zake zote, hata za mitishamba. Mwambie daktari kama ameanguka miezi ya karibuni, kama amepungua mwili, na kama analala peke yake. Usingoje kuulizwa. Sisi tulingoja.