Mnacheka kimombo cha nani?

Jamani, hebu tuulizane. Hivi huu mchezo wa kukata kipande cha video ya Mtanzania anayehangaika na ung'eng'e, kukirusha mtandaoni na kucheka mpaka jino la mwisho, unatusaidia nini? Leo mrembo jukwaani, kesho mchezaji mpira, keshokutwa mheshimiwa mbunge. Na vinara wa kurusha ni sisi waandishi, ambao tukiitwa kwenye mkutano wa balozi wengi wetu tunasubiri swali liulizwe na mwenzetu wa gazeti la Kiingereza. Sitaji mtu, mnajijua.

Mnasahau nani anaangalia. Mtoto wa St. Kayumba anasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, ghafla hisabati ni Kiingereza, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, na mtihani wa taifa haumuulizi ametokea wapi. Mwenzake wa akademi alianza chekechea. Yeye nyumbani hana wa kuongea naye. Amebaki na simu ya dada yake na bando la jero.

Na kwenye simu hiyo kuna mali! BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943. Leo masomo yake yako YouTube, unarudia sentensi moja hata mara ishirini na mwalimu hanuni. Kwenye kundi la WhatsApp mtoto anarekodi sauti yake, anajisikiliza, anafuta, anarekodi tena. Darasa lililofurika litampa wapi nafasi hiyo?

Lakini lugha haiingii kwa kusikiliza tu. Lazima ufungue mdomo, ukosee mbele za watu, urekebishwe. Hapo ndipo mnapomkata miguu. Akiandika "I am agree" chini ya picha, badala ya mtu kumwandikia "I agree" na kupita zake, anamwagiwa vicheko na "rudi shule". Anafuta. Haandiki tena.

Wazee wa sarufi nao wanalia kwamba mitandao inaharibu lugha kwa vifupisho. Vijana wetu wameandika "xaxa" miaka nenda rudi, nani amesahau kutamka sasa?

Halafu aje mtaalamu kutoka Ufaransa au Japani, akivunje Kiingereza vipande vipande mbele yetu. Tunatulia, tunatega sikio, tunaandika kila neno kwenye notibuku. Huyo mbona hamumrushi?