"Mtu Mzima" wa Kwenye Karatasi ya Dawa ni Nani?



Sote tunaijua ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Wengi wetu huitupa. Leo tunakuombeni muikunjue, mtafute maneno mawili: mtu mzima. Mtu mzima, kidonge kimoja. Huyo mtu mzima ni mwanamke au mwanamme?

Hatuulizi kwa ubishi. Ipo dawa ya usingizi iitwayo zolpidem, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1992. Wanawake na wanaume walipewa kipimo kimoja, miligramu 10. Januari 2013 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikawataka watengenezaji wapunguze kipimo cha wanawake kiwe miligramu 5. Mwili wa mwanamke huchelewa kuitoa dawa hiyo. Zikishapita saa nane tangu kumeza, wanawake wapatao 15 katika kila 100 bado walikuwa nayo kwenye damu kwa kiwango cha kuhatarisha udereva. Wanaume walikuwa 3 tu. Fikirini: miaka ipatayo ishirini mwanamke anaamka na kichwa kizito, anapeleka watoto skuli kwa gari, na pengine anajilaumu kuwa mvivu.

Chanzo chake ni cha zamani. Baada ya msiba wa thalidomide, dawa iliyozalisha watoto wenye viungo vifupi, FDA ilielekeza mwaka 1977 kwamba wanawake wa umri wa kuzaa wasiingizwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa. Nia ilikuwa njema, lakini kumkinga mtu kusiwe kumsahau. Mwaka 1993 mlango ukafunguliwa.

Hata hivyo, kumuingiza mwanamke kwenye utafiti kisha kuyachanganya majibu yake na ya wanaume ni kama kumualika shughulini halafu asiulizwe kama kala. Ndiyo maana mwaka 2016 wahariri wa majarida ya sayansi walitoa mwongozo uitwao SAGER. Unataka mwandishi aseme waliopimwa ni kina nani, aonyeshe matokeo ya wanawake na ya wanaume mbalimbali, na ikiwa amepima jinsi moja tu, aseme tangu kwenye kichwa cha makala.

Mwongozo huo unatenganisha jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani maisha tunayopangiwa na jamii. Anayevuta moshi wa kuni jikoni kila siku, au anayechelewa hospitali kwa kungoja nauli na ruhusa, ugonjwa wake hauelezwi na damu peke yake.

Msimamo wetu ni huu: mwongozo usiwe ombi, uwe sharti. Makala isiyotenganisha irudishwe kwa mwenyewe. Binti zetu wanaosomea udaktari na uuguzi waanze leo kuuliza swali hilo darasani. Na sisi tukiombwa kushiriki utafiti, tuulize: majibu ya wanawake mtayatoa peke yake?

Tahadhari, mashoga: msikate vidonge nusu kwa kusoma haya. Muulizeni daktari au mfamasia, "Kipimo hiki kimejaribiwa kwa wanawake?" Si utovu wa adabu. Mwili ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuuliza.