"Uko mutoto wa wapi?" haiko swali ya kazi



Siku hizi mu Kolwezi, ukienda kutafuta kazi ku mulango ya kampuni, unaweza kuulizwa kwanza: uko mutoto wa wapi? Kazi unayojua itakuja nyuma. Sisi wa sendika tunasema ile swali ilizaliwa na njaa.

Union Minière ilileta bankambo wetu toka Kasai, toka Rwanda na Burundi, toka Rhodesia ya Kaskazini. Walikutana mu kambi moja, wakala unga moja, na pale ndipo hii Kiswahili yetu ilikomaa. Mu 1967 serikali ikachukua kampuni, baadaye ikaitwa Gécamines. Mutu akiulizwa yeye ni nani, alijibu: niko wa Gécamines. Ile jibu ilienea. Ndani yake mulikuwa posho, hospitali, masomo ya batoto. (Tusidanganyane, mulikuwa pia na bakubwa wenye kuchunguza mpaka mu nyumba ya mutu.)

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 mugodi ya Kamoto ikabomoka. Madeni na ulaji wa bakubwa vikamaliza yaliyobaki. Unga ilipopunguka, mu 1992 na 1993, wanasiasa wakatuonyesha adui: jirani Mukasai. Watu waliozaliwa Likasi walilala ku gare miezi, wakingojea treni ya kuwapeleka kwa bankambo wasiowajua. Je, kazi iliongezeka? Mu 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 walisaini ile "départ volontaire". Siku ile kabila haikuokoa mutu.

Sasa bei inapangwa mbali, London, na sisi tunatikisika huku. Mwisho wa 2008 ilianguka, viwanda vikafungwa, watu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa pili 2025 serikali yenyewe ilisimamisha cobalt kutoka inje ya inchi, juu bei ilikuwa chini sana. Wa sous-traitance ndio wanatangulia kufukuzwa, na wanaobaki wanaanza kuchunguzana majina. Sheria ya 2017 inataka sous-traitance iwe ya Wakongomani. Vema. Lakini kama patron ni Mukongomani, na mukataba ni wa miezi mitatu bila hospitali ya mama na batoto, sisi tumepata nini?

Wenye vijiji ambavyo mashamba yao yameliwa na mugodi wako na haki ya kazi, na tunaitetea. Ile haki iandikwe mu cahier des charges, kila mutu aisome. Isipimwe ku mulango kwa kusikiliza jina.

Délégué, ukiingia mu kikao na patron, omba liste ya mikataba: nani iko na ya kudumu, nani ya kuazima, tangu lini. Kabila isikuwe ku ile karatasi. Wakikatala kukuonyesha, tujulishe, tutakuja pamoja nawe.