KELELE ZIMEZIDI, UTAMU UKO WAPI? Wasanii wa Unguja na ugonjwa wa "ikaze fundi"

Kuna mtindo umeingia studio za Unguja na watu wanauonea haya kuusema. Msanii akishamaliza kurekodi, swali lake kwa fundi ni moja tu: "Inagonga?" Hajali maneno yanasikika au fidla imekaa wapi. Wimbo ukigonga chini ya ule wa mwenzake, basi studio hiyo haijui kazi.

Mfano upo Mangapwani. Kijana mmoja wa huko, jina lake tuliache, ana sauti ya kweli na mashabiki wa njia ya kaskazini wanamjua. Ametoa wimbo wa mapenzi unaoanza na kanuni ya taarab peke yake, halafu bibi mmoja wa kijijini anaitikia taratibu, kama mtu anayenong'ona barazani. Hapo ndipo ngoma inashuka. Waliousikia ukiwa mbichi walisema huu ndio wa kumtoa.

Ukapelekwa mjini kumasta, ile hatua ya mwisho ya kuusawazisha wimbo kabla ya kutoka. Kijana akatia neno: "Kaka, ikaze. Isizidiwe na ya yule jamaa." Fundi akamwambia, "Nikikaza hivyo mdogo wangu, ngoma ikiingia haitamshtua mtu." Kijana akajibu kuwa pesa ni yake. Ni yake kweli, tena ya kwenda baharini usiku.

Wimbo ukatoka. Bibi anapiga kelele sikioni, pumzi zake zote zinasikika, na ngoma ikishuka hakuna kilichoshuka. Kila kitu kiko sawasawa, kama ukuta.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sauti ya kidijitali ina dari, na dari hiyo ni desibeli 0. Hakuna kupita hapo. Ukitaka wimbo usikike mkubwa zaidi, unatumia limita: inavikandamiza vilele vya sauti, kisha wimbo mzima unapandishwa. Ukifanya kidogo, kazi inapendeza. Ukizidisha, ni kama kuwaingiza watu warefu kwenye banda fupi. Wote wanainama, na huwezi tena kujua nani mrefu nani mfupi. Besi inaanza kukwaruza na sikio linachoka kabla ya kiitikio cha pili.

Na huu ugonjwa haukuanzia Zenji. Mwaka 2008 bendi kubwa ya Marekani, Metallica, ilitoa albamu ya Death Magnetic, na mashabiki wao wenyewe wakalalamika kuwa imekandamizwa mpaka inakwaruza. Nyimbo hizohizo zilipotoka ndani ya gemu la Guitar Hero zikiwa hazijabanwa vile, watu wakasema afadhali hizi za kwenye gemu!

Sasa hapa ndipo wasanii wengi wanapopigwa bila kujua. Spotify kwa kawaida inazisawazisha nyimbo zote kwenye LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Wimbo uliokazwa mpaka -7 unashushwa desibeli 7. YouTube nayo inazishusha zilizozidi. Kwa hiyo mtu analipia kelele, programu inamnyang'anya, anabaki na ule mkandamizo tu. Wimbo wa jirani uliomastwa kwa kiasi ukipigwa baada yake, unaruka na kupumua, wake umelala.

Haya, wapo watakaosema: nenda Mangapwani na dala dala uone. Madirisha wazi, injini inanguruma, abiria wanapiga soga, spika ndogo. Wimbo ukiwa mpole sana, mwanzo wote umepotea. Hilo ni kweli, na fundi anayemasta kama vile watu wote wana spika za maana sebuleni naye anakosea. Lakini dawa ni kumpandisha bibi kidogo kwa mkono wakati wa kuchanganya sauti, sio kuponda wimbo mzima mwishoni. Wala -14 sio sheria. Wimbo wa kuchezeka unaweza kukazwa kuliko hapo na ukabaki hai, ilimradi ngoma ikipigwa isikike imepigwa.

Watu wa Unguja walikuwa wanalijua hili zamani. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Kwenye taarab ala zinatangulia, mwimbaji anaingia peke yake, waitikiaji wanamfuata, sauti zinapanda na kushuka. Mtu anainuka kwenda kutunza pale neno lilipomchoma, na mara nyingi neno hilo limeimbwa taratibu.

Wasanii, mkiletewa toleo mbili studio, mwambieni fundi azisawazishe ukubwa kwanza ndipo mchague, maana sikio siku zote linadanganywa na kile chenye sauti kubwa. Sikilizeni kwenye simu, kwenye gari na kwenye spika nzuri. Mkitaka toleo la kukaza kwa ajili ya madisko, ombeni liwe la pili. Na faili la kabla ya kumasta litunzeni kama hati ya kiwanja. Kijana wa Mangapwani bado analo lake, hajachelewa kulirudisha kwa fundi.

Sauti ikipungua msikilizaji ataongeza mwenyewe, kitufe anacho. Uhai ukishapondwa, kitufe cha kuurudisha hakuna.

Haya wadau, uwanja wenu: wimbo gani wa Zenji ulikuwa mtamu jukwaani, ulipotoka ukawa kelele tupu?