Tunapokwenda kulikomboa gari, tunamwombea nani?

HAPANA mkazi wa Buguruni asiyezijua asubuhi za mwisho wa wiki. Makutano ya Barabara ya Mandela na Barabara ya Uhuru huamka mapema. Malori yatokayo bandarini yanaelekea Ubungo, wachuuzi wanapanga matunda yao, na makondakta wanaita abiria wa Mbagala na Kariakoo. Saa hizo hizo, mbele ya vituo vya polisi vya jiji hili, huonekana makundi madogo ya jamaa waliokesha na simu masikioni. Kijana wao amekamatwa usiku akiendesha gari hali amelewa. Yeye yumo mahabusu, na gari limezuiliwa uani. Nao jamaa, baada ya salamu, aghlabu swali lao la kwanza huwa ni hili: gari litatoka lini?

Ndugu zetu katika imani, swali hilo si dhambi. Mali ni amana, na mwenye amana hana budi kuifuatilia. Katika mitaa yetu, gari kwa nadra huwa ni la mtu mmoja. Huenda ni la mjane aliyelinunua kwa mafao ya marehemu mumewe, au ni la ndugu watano waliochanga, na dereva aliyekamatwa alikuwa akileta hesabu tu kila jioni. Kila siku gari linapolala kituoni, kuna ada ya shule isiyolipwa na rejesho la mkopo lisilopelekwa. Tunayajua hayo, wala hatuyabezi. Tunachouliza ni namna tunavyolitoa gari hilo, na nini tunakiacha nyuma tunapoondoka nalo.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Hutafutwa mjomba mwenye kufahamiana na afande. Asipopatikana, hubishwa hodi kwa mzee wa mtaa au kwa mmoja wa viongozi wa msikiti, mtu mwenye kanzu na heshima zake, aende akazungumze. Hupatikana bahasha. Ikifika adhuhuri, gari limetoka, kijana ametoka, na jalada halina habari tena. Watu hurejea nyumbani wakishukuru, na safari yote ile huitwa kwa jina zuri: tumekwenda kumwombea kijana.

Jina hilo ndilo linalotushughulisha leo. Kumwombea mtu mbele ya mwenye mamlaka, katika lugha ya dini yetu, ni shufaa, na shufaa ina hukumu yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatufahamisha kwamba mwenye kuombea jambo jema hupata fungu katika wema wake, na mwenye kuombea jambo baya hubeba sehemu ya ubaya wake. Kwa hiyo mzee yule aliyekwenda kituoni hakurudi mikono mitupu. Amerudi na fungu lake. Ni juu yake kujua ni fungu la upande upi.

Wanazuoni wamepokea kisa mashuhuri cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo wenye jina katika Makureshi, aliyethibitikiwa na wizi. Jamaa zake waliona haya ukoo wao kufedheheka, wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), akamwombee. Mtume (S.A.W.) alikasirika. Akawahutubia watu kwamba umma zilizotangulia ziliangamia kwa sababu ya tabia hiyo hiyo: akikosa mwenye cheo huachwa, na akikosa mnyonge huadhibiwa. Akaapa kwamba hata angekuwa binti yake mwenyewe, Fatima, hukumu isingebadilika. Tuzingatie, msomaji, kwamba Usama hakutoa hata dirhamu moja. Alikuja na mapenzi na ukaribu wake tu, na bado alikemewa. Basi itakuwaje kwa shufaa inayobebwa ndani ya bahasha?

Wapo watakaotujibu kwamba Uislamu umehimiza kumsitiri ndugu, na kwamba mwenye kumsitiri mwenzake naye atasitiriwa Siku ya Kiyama. Hayo ni kweli, nasi tunayaamini. Lakini sitara ni ya kosa lililobaki baina ya mja na Mola wake. Mtu aliyelewa nyumbani kwake, mlango umefungwa, hapana anayeruhusiwa kumchungulia na kumtangaza. Mtu aliyelewa akiwa nyuma ya usukani katika Barabara ya Mandela hayumo nyumbani kwake. Yumo katika haki ya kila anayevuka barabara ile: mwanafunzi, msukuma mkokoteni, mwendesha bodaboda na abiria wake. Haki za watu hazifichwi kwa pazia la sitara.

Na wapo watakaosema kwamba ni wajibu kumnusuru ndugu yako. Hayo pia ni kweli. Maswahaba walipoelezwa kwamba wamnusuru ndugu yao awe amedhulumiwa au awe ndiye dhalimu, waliuliza watamnusuru vipi dhalimu. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Kwa hiyo kumrudishia mlevi ufunguo kabla hajazinduka ni kumtupa, si kumnusuru.

Tuseme pia jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni la kitabibu. Wengi wetu hudhani kwamba mtu akilala saa mbili tatu, akaoga maji baridi na kunywa kahawa kali, ulevi umemtoka. Sivyo. Kilevi huondolewa mwilini na ini, na ini halina haraka. Kwa wastani, katika kila mililita 100 za damu, hupungua takriban miligramu 15 kwa saa. Kahawa huondoa usingizi, haiondoi kilevi. Sasa tupige hesabu. Mtu aliyekamatwa saa nane usiku akiwa na miligramu 150, ikifika saa kumi na mbili asubuhi zitakuwa zimemtoka 60 tu. Bado anazo 90. Kikomo kilichowekwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ni miligramu 80. Maana yake ni kwamba kijana huyo, aliyekwisha kunawa uso na kuomba radhi, akikabidhiwa gari lake alfajiri anatoka langoni mwa kituo akiwa bado anavunja sheria ile ile aliyokamatiwa. Hatakuwa huru na kilevi hicho hadi yapata saa sita mchana.

Hicho ni kikomo cha sheria ya nchi. Kwetu sisi Waislamu kikomo kilikwisha kuwekwa, nacho ni kuacha kabisa, kama ilivyo katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91. Sayyidna Umar (R.A.) alieleza juu ya mimbari kwamba pombe ni kila kinachofunika akili, liwe jina lake ni bia, mnazi au gongo. Na akili ni moja ya mambo matano ambayo wanazuoni wamesema sheria ilikuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Anayeendesha gari amelewa ameivunja akili, ameihatarisha nafsi, ameichezea mali. Nasi tukienda na bahasha kumtoa, tunaitia kasoro na dini yetu pia.

Kuhusu bahasha hiyo hatuna haja ya maneno mengi. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wa rushwa. Nchini mwetu, Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996, iliitaja polisi miongoni mwa vyombo vilivyoguswa na maradhi hayo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayepokea na anayetoa. Ni desturi yetu kumlaumu askari peke yake, ilhali mkono wa askari haujazi wenyewe. Tukisema kwamba tumelazimishwa, tujiulize kwanza: je, tuliombwa, au sisi ndio tuliotangulia kuingiza mkono mfukoni?

Sasa yamkini msomaji atauliza: basi gari la yule mjane lioze kituoni? Hasha. Mlango wa halali upo, ingawa ni mrefu zaidi. Mwenye gari na aende mwenyewe, au amtume mtu mzima anayemwamini, akiwa na kadi ya gari, kitambulisho na hati ya bima. Aulize kwa upole maswali mawili: je, kuna ajali iliyotokea, na je, gari ni kielelezo katika kesi? Ikiwa kuna aliyegongwa, gari halina budi kusubiri mkaguzi wa magari alikague na kuandika ripoti yake. Ripoti hiyo huonesha hali ya breki na usukani, na ndiyo itakayozungumza mahakamani kwa niaba ya aliyeumia. Kuliondoa gari kabla ya ukaguzi ni sawa na kumziba shahidi mdomo. Ikiwa gari limefanywa kielelezo na kesi inachelewa, mwenye mali anaweza kupeleka ombi lake mahakamani. Ikiwa hapakuwa na ajali, na gari linazuiliwa pasipo sababu yoyote, basi aonane na mkuu wa kituo na kuuliza wazi sababu ya kuzuiliwa.

Likiruhusiwa kutoka, gari liendeshwe na mtu mwingine, mwenye leseni na asiyelewa. Malipo yoyote ya Serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na stakabadhi ichukuliwe. Dhamana ya kijana ni jambo jingine mbali na gari, nayo haiuzwi. Anayedai malipo yasiyo na stakabadhi, taarifa zake zipelekwe TAKUKURU kwa kupiga simu namba 113, ambayo haina gharama. Njia hii huenda ikachukua siku tatu badala ya saa tatu. Siku hizo zina uchungu, lakini hesabu ya siku tatu hulipika. Hesabu ya roho ya mtu hailipiki.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo jamaa wengi hulisahau kabisa wanapokuwa kituoni. Kabla ya kuuliza gari liko wapi, tuulize: je, kuna aliyeumizwa? Kama yupo, safari ya kwanza ni hospitali, si kituoni. Wapo waliogongwa usiku ambao walichukuliwa na wasamaria, wakapewa fomu ya PF3, na hadi leo hawajui aliyewagonga ni nani, kwa sababu jalada lilikufa mchana wake. Na ikiwa mtu amefariki, Suratun Nisaa, aya ya 92, imeweka wazi yanayomlazimu aliyeua bila kukusudia: fidia kwa warithi wa marehemu, isipokuwa wenyewe wakisamehe, pamoja na kafara, ambayo kwa asiye na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Bahasha haifuti hata siku moja ya saumu hiyo. Askari anaweza kulifunga jalada la kituoni, lakini hana uwezo juu ya jalada lililoko kwa Mola.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Ndio watu wa Buguruni hao. Ndio sisi tunaovuka kwa miguu kwenda sokoni, na wanetu wanaokwenda chuoni na juzuu zao mkononi.

Pamoja na hayo yote, tusimgeuze kijana yule kuwa mzaha wa baraza. Imepokewa kwamba mtu mmoja zama za Mtume (S.A.W.) aliletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, akaadhibiwa. Aliposikika mtu akimlaani, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akashuhudia kwamba mlevi yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Ndani ya kisa hicho yamo mambo mawili yaliyokaa pamoja, nasi tumezoea kuchukua moja na kuacha la pili. Adhabu haikuondolewa kwa ajili ya mapenzi, na mapenzi hayakuondolewa kwa ajili ya adhabu.

Basi wazee wetu, maimamu wetu na kamati za misikiti, mkiitwa kwenda kituoni, nendeni. Nendeni mkamdhamini kijana kwa njia ya sheria, mkamfikishie chakula, mkahakikishe hapigwi wala haonewi. Simameni naye siku ya mahakama. Hukumu ikitoka, hata kama ni ya kufungiwa leseni, mfuatilieni, mtafutieni kazi nyingine isiyo ya usukani, na mketi naye baada ya Ishaa hadi aiache pombe. Hiyo ndiyo shufaa yenye fungu jema. Lakini mkiombwa kubeba bahasha, au kumshawishi afande alipoteze jalada, semeni hapana, hata kama anayewaomba ni mtoto wa dada yenu. Aya ya 135 ya sura ile ile ya Nisaa inatuamrisha kusimamia uadilifu japo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Mola atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowaombea ndugu zao mema, na azilinde njia zetu na wapitao humo. Wabillahi tawfiq.