Nani Aliyetetemeka? Saka ya Wataita na Dhana ya Nafsi Moja

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kudai kwamba mhusika aliyegawanyika nafsi ni mgeni aliyeletwa na vitabu vya Ulaya. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ndizo zilizobebeshwa zaidi lawama hiyo. Mwafrika, inasemekana, ana nafsi moja nzima, iliyofungamana na jamii yake. Kupasuka kwa fahamu ni maradhi ya Paris na London ambayo mwandishi ameyaazima. Dai hili linapendeza masikioni. Kwa bahati mbaya, halijapata kupanda milima ya Taita.

Kati ya mwaka 1950 na 1952 mwanaanthropolojia Grace Harris alifanya utafiti katika milima hiyo inayouzunguka mji wa Wundanyi, na mwaka 1957 akachapisha maelezo ya hali iliyoitwa saka. Mwanamke aliyeolewa alisikia mngurumo wa motokaa, au harufu ya sigara, mara mwili ukaanza kutetemeka kuanzia kiunoni kwenda juu. Kichwa kiliyumba huku na huku, macho yakafumba, uso ukawa hausemi kitu, na pengine mdomo ukarudiarudia sauti zisizokuwa za lugha yake. Katika baadhi ya sehemu, karibu nusu ya wanawake walioolewa walipatwa na saka. Dawa nazo zilikuwa za namna yake: sukari, ndizi, maji yaliyosuuziwa nguo ya mume, au ngoma iliyochezwa hadharani, ambamo wanawake hao walivaa baadhi ya mavazi ya kiume na kushika fimbo.

I. M. Lewis, katika Ecstatic Religion (1971), aliisoma saka kama njia ya mzunguko ya wanyonge kudai haki yao kwa waume walioshika ardhi, mifugo na fedha za mshahara. Hoja hiyo ina uzito, na si vyema kuipuuza. Lakini ilipofika madarasani iliporomoka ikawa umbeya: mwanamke alitaka sukari, basi akajitetemesha. Wasioridhika na jibu hilo wakakimbilia la pili, kwamba hakuwa yeye; alikuwa mgonjwa, au pepo. Yafaa itambuliwe kwamba majibu haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanadhani kuwa nafsi ni kiti kimoja chenye mkaaji mmoja: ama yupo, na hivyo anadanganya, ama ametoka, na hivyo neno lake si ushahidi. Kwa vyovyote vile mwanamke hasikilizwi.

Imani ya kiti kimoja haikutoka Taita. René Descartes aliitetea mwaka 1641 aliposema kwamba mwili hugawanyika lakini akili haigawanyiki. Mhakiki anayetetea uzima wa nafsi ya Mwafrika dhidi ya Ulaya, kumbe, amevaa kanzu ya Mfaransa huyo bila ya kuitazama lebo.

Sayansi yenyewe imeshindwa kukikalia kiti hicho kwa raha. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa waliokatwa mishipa inayoziunganisha nusu mbili za ubongo. Picha ilipooneshwa upande wa kushoto, mgonjwa alisema hakuona kitu, ilhali mkono wake wa kushoto ulikiokota kitu kile kile. Wengi wakaamua kuwa mle mna fahamu mbili. Mwaka 2017 Yair Pinto na wenzake wakaonesha jambo linaloivuruga hukumu hiyo: wagonjwa wa aina hiyo waliochunguzwa waliweza kueleza, kwa kinywa au kwa mkono wowote, kwamba kitu kipo na kipo wapi, kila upande, ingawa hawakuweza kulinganisha picha za pande mbili. Yaani kuona kulipasuka, kuitika hakukupasuka. Umoja wa fahamu, basi, si jambo la kuwapo wote au kukosekana wote. Una nyuzi kadhaa, na uzi mmoja waweza kukatika mwingine ukashika.

Wataita hawakuhitaji upasuaji ili kulifikiria jambo hilo. Kiini cha ibada yao ya kutasa, ambayo Harris aliieleza kwa urefu katika Casting Out Anger (1978), ni kuitoa hasira kwa kutema kinywaji huku maneno yakitamkwa. Kwani hasira iliyokaa moyoni iliweza kudhuru hata pasipo mwenye moyo kukusudia. Kiswahili nacho husema fahamu zimempotea, kisha zimemrudia, kwa wingi. (Sarufi si ushahidi wa falsafa, na wanaojenga ontolojia nzima juu ya ngeli wangefanya hadhari.)

Kwa hiyo mhakiki wa Nagona anayeuliza tu iwapo msimulizi ni mzima au mwendawazimu ameuliza swali la hospitali. La fasihi ni kuuliza ni uzi upi uliokatika, upi ulioshika, na nani aliyenufaika na mkato huo. Ndilo swali ambalo madarasa yanayoitaja saka kwa sentensi mbili hayajaligusa: mwanamke yule aliyefumba macho, asiyejibu alipoitwa, aliifuata ngoma hatua kwa hatua. Aliyeifuata ni nani?