UFUNDI NYUMBANI: Valvu isiyolia

Juma lililopita tuliletewa pikipiki ya kijana mmoja achukuaye maharagwe kutoka milimani mpaka sokoni. Nguvu zilikuwa zimeiishia: kilima kidogo tu, nayo yasimama, asubuhi yawaka kwa shida. Mwenyewe alishangaa, akasema: «Mbona hailii? Kama ingalikuwa valvu, ningalisikia.»

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Valvu yenye nafasi kubwa mno hugonga, na jirani wote husikia. Ile iliyokosa nafasi hukaa kimya, nayo huungua.

Mota hiyo ni ya namna ya Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 na kuigwa na viwanda vingi vya China. Ina valvu mbili katika kichwa cha silinda, moja ya kuingiza hewa na mafuta, moja ya kutoa moshi. Valvu ya moshi hupata moto mkali, na sehemu kubwa ya moto huo huiacha katika kiti chake kila inapofunga. Lakini kiti hulika. Valvu huzama, mkia wake hupanda mpaka kuubana mkono unaousukuma. Tangu siku hiyo haifungi barabara. Gesi ya moto hupenya ukingoni, na ukingo huliwa kidogo kidogo.

Nafasi itakiwayo ni milimita 0,08, mota ikiwa baridi: nyembamba kama karatasi ya daftari! Fungua kifuniko cha juu, zungusha mota polepole mpaka alama ya T ielekeane na alama ya ganda. Mikono yote miwili ikiwa imekazwa, pengine umefika wakati usio wake. Zungusha mara moja tena. Kisha pitisha jani la chuma la kupimia, lipite kwa kukwaruza kidogo. Ukiisha kukaza nati, pima tena, maana nati huvuta skrubu.

Kwa kijana wetu tulikuwa tumechelewa. Tulipokishusha kichwa cha silinda na kumimina mafuta ya taa katika tundu la moshi, yalitiririka upande wa pili. Fundi mmoja aliyekuwapo alitaka kuisaga tu valvu ile kwa unga wa kusagia. Tulikataa. Kusaga hulinganisha valvu nzima na kiti chake, hakufufui iliyoungua. Basi ikanunuliwa mpya, tukaisaga kidogo mpaka duara la kijivu likaonekana pande zote bila kukatika, tukaosha unga wote, maana ukibaki husaga na silinda pia. Fito mbili za kusukuma zilirudi kila moja mahali pake. Gasketi mpya, na nati zikakazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo.

Vyuma hivyo, pamoja na siku nne bila kazi, vilimaliza fedha alizokuwa amemwekea mdogo wake kwa karo. Kupima kungalichukua nusu saa.

Wenye mota za namna nyingine watazame kitabu chake, kwani vipimo si vile vile. Kijana alirudi milimani Jumatatu. Tumemwagiza aje tena mwezi ujao tuifungue na kuipima, kwa sababu valvu mpya nayo hujikalisha.